WiFi Ikikatika, Usikimbilie Kulipa

Kuna tabia moja naiona sana hapa Woodley, na sidhani ni ya huku tu. WiFi ya nyumbani ikigoma, mtu haangalii ruta. Anashika simu, anaingia kwenye menyu ya malipo, anaweka nambari ya Paybill ya kampuni ya intaneti, anatuma elfu mbili au tatu, halafu ndiyo anakaa kusubiri. Dakika kumi zikipita bila kitu, anaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, kwa bando ya simu bila shaka: "Kuna mtu ako na namba ya fundi?" Fundi anapatikana. Fundi anaomba mia tano ya nauli kwanza. Inatumwa. Kufika saa tatu usiku pesa zimetoka mara mbili na bado hakuna anayejua shida iko wapi.

Maoni yangu ni haya: intaneti ya nyumbani ikipotea, kulipa kuwe jambo la mwisho kufanya, si la kwanza. Najua inashangaza kusoma hivyo kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Lakini wacha tuseme ukweli, sisi tulio kwenye biashara hii tumefanya kulipa kuwe rahisi kuliko kuinama chini ya meza ya TV na kuangalia taa nne. Kulipa ni sekunde ishirini. Kurudishiwa pesa iliyolipwa vibaya inaweza kuwa siku kadhaa, simu nyingi, na wakati mwingine hairudi. Kwa hiyo hebu tuiname kwanza.

Ukitaka kuelewa ruta, fikiria maji. Kila mtu Nairobi anaijua hadithi ya maji ya zamu. Kuna bomba linaloleta maji kutoka kaunti hadi kwenye tangi la juu, na kuna bomba lingine linalotoka kwenye tangi hadi mfereji wa jikoni. Mfereji ukikauka, bomba la jikoni linaweza kuwa zima kabisa. Ni tangi ambalo halina kitu. Sasa, zile alama za WiFi unazoona juu ya simu, zile tatu au nne zilizojaa, zinakuonyesha bomba la jikoni peke yake. Zinasema simu yako na ruta yako zinasikilizana. Hazisemi chochote kuhusu kama ruta yenyewe ina intaneti. Ndiyo maana simu inaweza kukuambia imeunganishwa, halafu hapo chini iongeze kwa herufi ndogo kwamba hakuna intaneti. Haijichanganyi. Inakuambia mfereji uko sawa, tangi ni tupu.

Swali la kwanza basi ni: ni bomba lipi? Na jibu halihitaji fundi. Jaribu kifaa cha pili. Kama simu yako haifungui kitu lakini TV au simu ya mtu mwingine ndani ya nyumba inaendelea vizuri, shida ni ya simu yako. Iambie iusahau mtandao huo, kisha uingize nenosiri upya. Angalia pia kama tarehe na saa za simu ni sahihi, maana simu yenye tarehe ya mwaka juzi hukataa kufungua tovuti nyingi na programu za benki hata intaneti ikiwa tele. Kwenye kompyuta, ukikuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta ikakosa kujibiwa. Hapo ruta ndiyo imeganda, na kuizima na kuiwasha kwa kawaida kunatosha.

Kama vifaa vyote vimekauka, ndiyo uende kwenye taa.

Wengi wetu mitaa hii tunatumia faiba, ama ile inayoingia moja kwa moja hadi sebuleni, ama ile inayofika kwenye jengo halafu inagawanywa kwa kebo za kawaida hadi kila nyumba. Ukiwa na ile ya kwanza, kuna kisanduku chenye waya mwembamba, mara nyingi wa manjano au mweupe, wenye kichwa cha kijani. Kwenye kisanduku hicho kuna taa iliyoandikwa LOS na nyingine iliyoandikwa PON. Jifunze hizo mbili na umejifunza nusu ya kazi ya fundi. PON ikiwa kijani na imetulia, mwanga unafika na kampuni inakutambua. PON ikipepesa bila kutulia, kisanduku bado kinajaribu kujitambulisha. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki nyumbani kwako kabisa. Waya umekatika, umekunjwa sana, au umechomoka mahali fulani kati yako na kampuni.

LOS nyekundu ni habari mbaya na pia ni habari nzuri. Ni mbaya kwa sababu hutaitengeneza mwenyewe. Ni nzuri kwa sababu umeshajua kwamba hakuna pesa utakayotuma itakayoizima. Faiba ni kioo chembamba. Haijui kama umelipa. Unachoweza kufanya ni kuangalia kama mtoto au kochi limeukunja waya, usukume kichwa cha kijani kiingie vizuri, na usichungulie ndani ya kichwa hicho kikiwa kimechomolewa, kwa sababu mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho na si mzuri kwa macho. Zaidi ya hapo, piga simu kwa kampuni. Mtu yeyote anayeishi karibu na barabara ya Ngong anajua jinsi uchimbaji wa barabara, mitaro na misingi ya majengo mapya unavyokata nyaya. Tingatinga halibishi hodi.

Ukiwa na ile ya pili, ya jengo, kuna kitu kingine ambacho watu hawakifikirii. Kwenye ngazi au kwenye kijumba cha mlinzi kuna kisanduku cha kampuni kinachogawa intaneti kwa nyumba zote, na kisanduku hicho kinakula stima. Katika majengo mengi kinatumia mita ya pamoja, ile ya taa za ngazi na pampu ya maji. Tokeni za mita hiyo zikiisha, jengo zima linakosa intaneti, ilhali nyumbani kwako stima iko na ruta inawaka kama kawaida. Angalia taa za ngazi! Kama zimezima, mtafute keateka kabla ya kumtafuta fundi. Hiyo ndiyo sababu nasema swali la jirani lina thamani kuliko swali la fundi. Usiulize kwenye grupu "nani ana namba ya fundi", uliza "nyinyi mna intaneti?" Wakijibu watu watatu kwamba hawana, tayari una jibu, na limekugharimu sifuri.

Halafu kuna wenye ruta za laini ya simu, zile za 4G na 5G. Kwao, waya wa kukatika haupo, lakini mahali pa ruta ni kila kitu. Nyumba za zamani za Woodley zina kuta za mawe, nene, na hizo kuta zinameza mawimbi. Weka ruta karibu na dirisha, juu, si nyuma ya TV. Kama ruta inatoa majina mawili ya WiFi, moja la 2.4 na lingine la 5, lile la 5 lina kasi zaidi lakini halipendi kuta. Ukiwa chumba cha mwisho, tumia la 2.4. Nimesikia mtu akisema kampuni yake ni wezi kwa sababu WiFi haifiki chumbani, kumbe ruta iko ndani ya kabati la vyombo.

Stima yenyewe nayo ina mchezo wake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, na mwaka huo huo gizani tulirudi tena Novemba na Desemba. Mambo ya namna hiyo yakitokea, hata wenye betri na jenereta wanaweza kukosa intaneti, kwa kuwa vifaa vya kampuni huko njiani navyo vina betri zenye kikomo. Na stima ikirudi, inarudi kwa vishindo. Vifaa vyako vinaweza kuwaka bila mpangilio: ruta inaamka kabla kisanduku cha faiba hakijatulia, inatafuta intaneti, inakosa, inabaki hivyo. Tiba ni ile ile ya zamani ambayo huduma kwa wateja wanaipenda: zima. Lakini izime vizuri. Chomoa vyote viwili kwenye soketi, hesabu sekunde thelathini, washa kisanduku cha faiba peke yake, subiri taa ya PON itulie, ndiyo uwashe ruta. Ipe dakika tatu. Usiichomoe tena kwa hasira dakika ya kwanza.

Kuna kitundu kidogo nyuma ya ruta kinachoingia ncha ya pini. Wachana nacho. Hicho si cha kuzima na kuwasha, ni cha kufuta. Ukikibonyeza kwa sekunde kumi, ruta inasahau kila kitu, pamoja na jina na nenosiri ambalo kampuni iliweka ili ruta itambulike kwenye mtandao wao. Hapo shida ndogo uliyokuwa nayo unaigeuza kuwa ya kuitia fundi nyumbani. Ushauri wa "bonyeza kale kashimo" unaotolewa mtaani umewatafutia mafundi kazi nyingi sana.

Sasa hapa ndipo mambo ya ruta yanagusana na pesa yako, na hapa nitakaa kidogo.

Simu yako ikiwa imeshikilia WiFi isiyo na intaneti, programu ya malipo kwenye simu hiyo nayo inakwama. Unabonyeza lipa, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha kinakuambia kuna hitilafu. Unajaribu tena. Kinazunguka tena. Watu wengi wanaamini kiduara kikizunguka na kugoma maana yake pesa haijaenda. Si lazima iwe hivyo. Malipo ni safari mbili: ombi linaenda, na jibu linarudi. Mtandao ukikatika kabla ya ombi kufika, pesa iko. Ukikatika baada ya ombi kufika lakini kabla ya jibu kurudi, pesa imeenda na wewe hujaambiwa. Kwenye kioo cha simu yako hali hizo mbili zinafanana kabisa. Ukilipa mara ya pili bila kuangalia, unaweza kuwa umelipa kweli mara mbili.

Kwa hiyo WiFi ikisumbua katikati ya malipo, zima WiFi ya simu. Tumia bando, au toka kwenye programu na utumie menyu ya nambari, kama *334# kwa M-Pesa. Menyu hiyo haipiti kwenye intaneti hata kidogo. Inapita kwenye mtandao wa laini yako, ule ule unaobeba SMS na simu. Vivyo hivyo lile dirisha linalojitokeza kukuomba PIN ukilipa kwenye tovuti: linakuja kupitia laini, si kupitia ruta. Ruta inaweza kuwa imekufa na bado unaweza kuangalia salio, kuona malipo ya mwisho, na kulipa. Angalia salio na SMS ya uthibitisho kwanza. Kama kuna ujumbe wenye msimbo wa muamala, malipo yameisha. Kama hakuna na salio halijashuka, jaribu tena kwa amani.

Na je, kweli kifurushi kimeisha? Hili nalo watu hulikisia badala ya kuliangalia. Vifurushi vingi vya nyumbani ni vya siku 30, si vya mwezi. Ukilipa tarehe 5 Januari, siku 30 zinaisha tarehe 4 Februari, na zinazofuata zinaisha tarehe 6 Machi mwaka wa kawaida, kwa sababu Februari ni fupi. Baada ya hapo miezi ya siku 31 inakurudisha nyuma polepole. Kwa mwaka mzima, malipo kumi na mawili yanakununulia siku 360, si 365. Mtu anayejua "mimi hulipa tarehe tano" atakatwa mapema siku moja, aseme ruta imeharibika, aite fundi. Mwingine atakatwa na tingatinga siku ya tarehe nne, aseme kifurushi kimeisha, alipe. Kampuni nyingi zikikukatia kwa sababu ya malipo, huacha ruta iwake vizuri na kukupeleka kwenye ukurasa wa kulipia ukijaribu kufungua tovuti. Taa za kijani pamoja na ukurasa wa kulipia: huyo ni kifurushi. Taa nyekundu: huyo si kifurushi. Tofauti ni rahisi hivyo, na bado sijaona kampuni ikiiandika kwenye karatasi ndogo na kuibandika juu ya ruta.

Kisa kinachouma zaidi ni cha mtu aliyelipa kweli na bado hana intaneti. Mara nyingi shida iko kwenye nambari ya akaunti. Paybill ina nambari mbili, na watu huchukulia ya pili kama maelezo tu. Nambari ya biashara ni kama jina la mtaa. Nambari ya akaunti ndiyo mlango wa nyumba yako. Ukikosea mtaa, pesa inaenda kwa kampuni nyingine. Ukikosea mlango, pesa inafika kwa kampuni yako lakini hawajui ni ya nani, au mbaya zaidi, jirani ambaye hata humjui anaongezewa siku 30 na anamshukuru Mungu. Mifumo mingine hukagua akaunti na kukataa iliyo na makosa. Mingine hupokea chochote ulichoandika. Herufi O badala ya sifuri inatosha.

Ikikutokea, usilipe tena ili "kujaribu". Fungua ile SMS, linganisha nambari ya akaunti iliyo ndani yake na ile ya kampuni, herufi kwa herufi. Kisha wapigie kampuni ya intaneti ukiwa na msimbo wa muamala mkononi. Wao ndio wanaoiona pesa, na wanaweza kuihamisha kwenye akaunti yako. Kama pesa ilienda kwa nambari ya mtu binafsi kimakosa, kwa M-Pesa unapeleka ujumbe wote wa muamala kwa 456 ili urejeshewe, na uifanye mapema, kabla aliyeipokea hajaitumia. Hilo la mtu binafsi lina umuhimu wake hapa, kwa sababu mtaani kuna WiFi nyingi za kuuziana: mtu ananunua laini moja, anaigawa nyumba sita, kila mmoja anamtumia pesa kwenye simu yake. Ni bei nzuri, sikatai. Lakini Kenya kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na siku mwenye laini akihama au akikosa kulipa yeye mwenyewe, hakuna dawati la kulalamikia. Kuna kampuni zenye leseni zinazohudumia hata Kibera kwa bei ya chini, kama Poa. Uliza kwanza.

Wakati mwingine nyumba yako iko sawa, jengo liko sawa, kampuni iko sawa, na bado intaneti inatambaa kama konokono. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wengine wakasumbuka. Miezi michache kabla, Februari, nyaya nyingine zilikuwa zimekatika kwenye Bahari ya Shamu. Intaneti yetu nyingi inapita kwenye nyaya zinazofika Mombasa kutoka baharini, na waya wa baharini hutengenezwa na meli. Siku kama hiyo, kununua kifurushi kikubwa zaidi "ili kiende kasi" ni kuongeza ukubwa wa mfereji wakati mto umekauka. Dalili yake ni kwamba taa zako zote ni sawa, kila kampuni inalalamikiwa mtandaoni, na baadhi ya huduma zinafunguka vizuri huku nyingine zikikataa.

Nimeacha wezi mwisho lakini hawako nyuma. Wanajua kwamba mtu aliyekosa intaneti saa mbili usiku, na kazi ya kesho haijatumwa, ana haraka. Simu inaingia: "Tunapiga kutoka kampuni yako ya intaneti, tumeona ruta yako ina hitilafu, tuma mia tatu ya kusasisha," au "tusomee nambari iliyoingia kwenye simu yako." Kampuni ya intaneti haihitaji PIN yako ya pesa wala nambari ya SMS yoyote ili kuwasha ruta. Haihitaji kamwe. Na malipo yake yanaenda kwenye Paybill yenye jina la kampuni, si kwa nambari ya mtu. Kabla malipo hayajakamilika, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Hiyo ndiyo sababu jina hilo liko hapo, na tunalipita kwa haraka kama masharti ya matumizi.

Kuna wizi mwingine wa kimya zaidi, na ni sababu ya kutomruhusu kila fundi aingie kwenye mipangilio ya ruta. Ndani ya ruta kuna sehemu inayoitwa DNS. Ni kama kitabu cha simu cha intaneti: wewe unaandika jina la tovuti, DNS inatafuta nambari yake. Akiibadilisha mtu mwenye nia mbaya, unaweza kuandika jina la benki yako kwa usahihi na bado upelekwe kwenye ukurasa wa uongo. Si hadithi ya kutisha watoto. Programu hasidi iliyoitwa DNSChanger iliambukiza mamilioni ya kompyuta duniani kwa njia hiyo, hadi FBI ya Marekani ilipoivamia Novemba 2011. Na hapa kuna kichekesho: zile seva za muda zilizowekwa kuwasaidia walioathirika zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, waliokuwa bado na maambukizi walijikuta hawawezi kufungua tovuti, ingawa waya wao ulikuwa mzima. Kwa hiyo badilisha nenosiri la kuingilia ruta, lile la admin, si la WiFi peke yake. Na fundi akifanya kazi, kaa naye, muulize anabadilisha nini. Fundi mzuri hukasiriki kuulizwa. Wengi hufurahi kuelezea.

Nina neno kwa kampuni za intaneti pia, maana si haki kumwachia mteja kila kitu. Mnatutumia SMS tatu kutukumbusha kulipa. Tumeni moja kutuambia kwamba waya wa mtaa wetu umekatika na mnautengeneza. Mnajua, mashine zenu zinaona visanduku arobaini vikizima kwa wakati mmoja. Mkikaa kimya, watu wanalipa bila sababu, na pesa hiyo mnaipokea. Pia siku ambazo huduma haikuwepo zisihesabiwe kwenye zile siku 30. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Hakisemi "isipokuwa WiFi".

Basi ukipiga simu kwao, usianze na "intaneti haifanyi". Wataanza na "umejaribu kuzima na kuwasha?" na dakika kumi za muda wako wa maongezi zimeisha. Sema hivi: nambari yangu ya akaunti ni hii, nililipa tarehe fulani, msimbo wa muamala ni huu, taa ya LOS ni nyekundu tangu saa moja jioni, nyumba mbili za jirani hazina pia, na nimeshazima na kuwasha. Utashangaa jinsi mazungumzo yanavyokuwa mafupi. Omba nambari ya lalamiko na uiandike mahali. Huduma ikirudi baada ya siku mbili, wapigie tena kwa nambari hiyo hiyo, uwaambie waongeze siku mbili mwishoni mwa kifurushi, na uwaombe wakuthibitishie kwa SMS.